Shajara ya mradi: kunakili seli kutoka laha za vituo kwenda jedwali kuu

Siku ya 1

Leo nimekabidhiwa kazi. Tuna vituo 14 vya kupimia mvua. Kila kituo kina laha yake ndani ya faili moja tunaloliita Vituo, na msomaji wa kituo hujaza mstari mmoja kila asubuhi: msimbo wa kituo, tarehe, saa ya kupima, milimita, jumla tangu mwezi uanze, na maelezo. Safu sita tu. Jioni dada mmoja wa ofisini hufungua laha moja baada ya nyingine, huchagua eneo la seli, hunakili, kisha hubandika kwenye faili la pili, Mkusanyo, ambalo ndilo linalosomwa na kila anayetaka takwimu zetu. Amekuwa akifanya hivyo kwa miaka miwili, na humchukua karibu saa nzima.

Lengo: kazi hiyo ijiendeshe yenyewe usiku kwa skripti, yaani orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza yenyewe, iliyoandikwa kwa Apps Script ya Google ndani ya lahajedwali la Google Sheets, pasipo mtu kugusa kitu.

Kabla ya kuandika chochote nimekaa kando yake jioni hii nikimtazama. Nimejaza kurasa tatu. Alipofika kituo cha 5 aliruka mstari mmoja bila kusema neno. Nilipomuuliza akasema, "Hiyo si siku, kaka. Hapo kaandika tu kwamba kipimo kilihamishwa." Kituo cha 9 alisahihisha tarehe moja kwa mkono, kwa kuwa msomaji alikuwa amerudia tarehe ya jana. Mambo haya hayajaandikwa popote. Yamo machoni mwake. Ninavyoona, mzigo mkubwa wa mradi huu uko hapo, kuyatoa machoni mwake na kuyaweka kwenye skripti.

Siku ya 2

Jaribio la kwanza. Nimetengeneza laha ya majaribio humo humo ndani ya Vituo na kutumia copyTo, amri inayochukua eneo zima na kulibandika mahali pengine kama mtu angefanya kwa mkono: thamani, fomula, rangi, mipaka, vyote. Imefanya kazi mara moja, nikafurahi kwa dakika tano.

Kisha nikaangalia safu ya E, ile ya jumla tangu mwezi uanze. Fomula ya mstari wa 2 ni =SUM(D$2:D2), na inavyoshuka mstari kwa mstari inaongeza siku moja moja. Data za kituo cha pili zilipobandikwa kuanzia mstari wa 33, fomula yake ya kwanza ikawa =SUM(D$2:D33). Alama ya dola ilishikilia mwanzo palepale kwenye mstari wa 2, mwisho ukasogea. Kwa hiyo kituo cha pili kilianza siku yake ya kwanza kikiwa kimebeba mvua ya mwezi mzima ya kituo cha kwanza. Hakuna seli iliyokuwa nyekundu, hakuna ujumbe wa hitilafu. Namba zilikuwa namba za kawaida kabisa, na zote za uongo.

Nimejaribu pia kunakili kutoka Vituo kwenda Mkusanyo moja kwa moja. Imekataa: copyTo hutaka eneo la kutoka na la kwenda yawe ndani ya faili moja. Basi njia ni kusoma thamani kwa getValues na kuziandika kwa setValues, ambazo hazijali fomula wala rangi. Zinabeba matokeo tu. Kwa kazi yetu hilo ndilo tunalotaka. Jumla ya mwezi itakokotolewa upya huko Mkusanyo, kwa fomula ya huko.

Siku ya 4

Skripti ya jana ilikatika katikati. Google huipa skripti moja dakika 6 za kukimbia, zikiisha inasimamishwa ilipofika, hata kama imeandika nusu ya kazi.

Chanzo nimekipata haraka. Nilikuwa nasoma seli moja, naiandika, nasoma inayofuata. Vituo 14, siku 31, safu 6: seli 2,604, na kila seli ni safari mbili kwenda seva na kurudi. Safari 5,208. Nimebadilisha: kila laha inasomwa mara moja kama eneo zima, data zote zinawekwa kwenye orodha moja ndani ya kumbukumbu ya skripti, kisha zinaandikwa kwa mkupuo mmoja. Safari 15 jumla. Sasa inamaliza kabla sijainua kikombe.

Siku ya 5

Hitilafu mbili, zote za hesabu ya mistari.

Ya kwanza: setValues hudai eneo la kuandikia lilingane kabisa na orodha unayoipa. Ukiwa na mistari 30 ya data na umelenga eneo la mistari 31, inakataa yote. Mwanzoni liliniudhi, sasa nalishukuru. Kubandika kwa mkono hakukatai. Hubandika palipopo na kuendelea. Nimeacha kuandika ukubwa wa eneo kwa namba. Unatokana na urefu wa orodha yenyewe, na upana wake unatokana na mstari wa kwanza wa orodha.

Ya pili ilijificha vizuri zaidi. Katika getRange, amri inayochagua eneo la seli, namba ya tatu ni idadi ya mistari. Nilikuwa nimeweka namba ya mstari wa mwisho. Ukianzia mstari wa 2 na mstari wa mwisho ni wa 32, idadi ni 31, mimi nilikuwa naomba 32. Kila kituo kikaja na mstari mmoja mtupu mkiani. Mistari 14 mitupu katikati ya Mkusanyo haionekani kirahisi, ila mtu akichuja au akipanga upya jedwali, mitupu yote inarundikana mahali pamoja na kumfanya adhani kuna siku zilizopotea. Anayesoma hapa akiwa na kazi kama hii: mstari wa mwisho ondoa mstari wa kwanza, ongeza moja. Iandike kwenye karatasi uibandike ukutani.

Siku ya 8

Data za jana zimeandikwa kuanzia mstari wa 1001. Katikati, mamia ya mistari mitupu.

Kumbe safu ya H ya Mkusanyo ina fomula iliyoburutwa hadi mstari wa 1000, inayorudisha matini tupu pale pasipo na data. Kwa macho yangu seli hizo ni tupu. Kwa getLastRow, amri inayotafuta mstari wa mwisho wenye kitu, si tupu, zina fomula, basi mstari wa mwisho wenye kitu ni wa 1000. Visanduku vya kuweka tiki navyo vina tabia hiyo hiyo, kwa sababu kisanduku kisicho na tiki kina thamani ndani yake. Sasa skripti inasoma safu ya tarehe peke yake na kutafuta tarehe ya mwisho iliyomo. Ndivyo yule dada alivyokuwa akifanya siku zote: hushuka na safu ya tarehe, hakuwahi kuangalia H.

Siku ya 9

Leo ilikuwa siku ndefu, nami nataka kuieleza vizuri.

Baada ya kunakili, kila tarehe katika Mkusanyo ilikuwa imerudi nyuma siku moja. Mvua ya tarehe 1 ilisomeka tarehe 30 ya mwezi uliopita. Maana yake jumla ya mwezi iliharibika pande mbili: mwezi mmoja umepoteza siku yake ya kwanza, mwingine umepokea siku isiyo yake.

Lahajedwali halihifadhi tarehe kama tunavyoiona. Ndani ni namba, idadi ya siku tangu 30 Desemba 1899. Tarehe 1 Januari 2024, kwa mfano, ni 45292. Saa ni sehemu ya desimali: adhuhuri ya siku hiyo ni 45292.5. Hadi hapo hakuna tatizo, namba ni namba. Lakini getValues haitoi namba hiyo. Inatoa kitu cha tarehe cha JavaScript, lugha ambayo skripti imeandikwa kwayo, na kitu hicho ni nukta halisi katika wakati, na ili kuipata nukta hiyo lazima itumie saa za eneo za faili. Faili la Vituo na faili la Mkusanyo yalitengenezwa na watu wawili tofauti, kila mmoja na mpangilio wake. Mkusanyo ulikuwa saa mbili nyuma. Usiku wa manane wa Vituo, ambao ndio mwanzo wa tarehe yoyote isiyo na saa, ukifika Mkusanyo ni saa 4 usiku wa siku iliyotangulia. Nukta ile ile ya wakati, siku nyingine ya kalenda.

Ningeweza kulinganisha mipangilio ya mafaili yote mawili na kufunga mjadala. Nimefanya hivyo. Lakini mpangilio huo mtu yeyote mwenye ruhusa anaweza kuubadilisha mwakani bila kujua anachovunja, na skripti haitalalamika. Kwa hiyo nimeongeza kinga ya pili: tarehe inasomwa, inageuzwa kuwa matini ya mwaka, mwezi na siku kwa saa za eneo za faili lilikotoka, na ni matini hiyo inayosafiri. Siku ya kupima mvua ni jina la siku. Haina haja ya kujua nukta yake katika wakati wa dunia.

Siku ya 10

Msimbo wa kituo 007 umefika ukiwa 7. Matini inayoandikwa kwa setValues hutafsiriwa kana kwamba mtu ameichapa kwenye seli, na lahajedwali likiona tarakimu tupu huzifanya namba. Dawa: safu hiyo iwekewe umbizo la matini tupu kabla ya kuandika. Na hapo hapo nikakumbuka matini yangu ya tarehe ya jana nayo inatafsiriwa kuwa tarehe inapofika. Safari hii tafsiri hiyo inatusaidia, kwani inafanyika kwa kalenda ya faili la kwenda. Nimelijaribu kwa tarehe 31 na tarehe 1 za miezi minne. Sawa.

Tafsiri za namna hii zimewasumbua watu wengi kuliko sisi. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilibadilisha majina kama SEPT1 na MARCH1, yakawa SEPTIN1 na MARCHF1, kwa kuwa lahajedwali lilikuwa likiyageuza kuwa tarehe za Septemba na Machi. Wanasayansi walibadilisha majina ya jeni ili wapishane na tabia ya seli za lahajedwali. Sisi tulipaswa tu kubadilisha umbizo la safu moja.

Siku ya 13

Nimefika kwenye ule mstari wa kituo cha 5.

Msomaji wa kituo hicho huingiza mstari mpya katikati anapotaka kuandika jambo. Skripti yangu ilikuwa ikihesabu: mstari wa 2 ni tarehe 1, mstari wa 3 ni tarehe 2, na kadhalika. Kuanzia ule mstari wa ziada kwenda chini, mvua yote ya kituo cha 5 ilikaa kwenye siku isiyo yake. Mvua ya milimita 38 iliyonyesha usiku mmoja ilisogezwa kwa siku moja, na siku ile kituo jirani kilikuwa kikavu kabisa. Yeyote anayelinganisha vituo angeshangaa.

Kuna kisa kinachojulikana cha mwaka 2003, cha kampuni ya umeme ya Kanada, TransAlta. Katika kukata na kubandika, mistari ya jedwali la zabuni zao ilipishana, bei zikakaa kwenye mikataba isiyo yake, na kosa hilo likawagharimu dola milioni 24 za Marekani. Namba zenyewe zilikuwa sahihi. Zilikaa mahali pabaya, basi.

Nimeacha kabisa kunakili kwa nafasi. Sasa kila mstari una ufunguo: msimbo wa kituo ukiunganishwa na tarehe. Skripti inasoma Mkusanyo mzima, inajenga faharasa ya funguo zilizopo na mistari zilipo, kisha inapitia laha za vituo. Ufunguo ukiwepo, mstari ule ule unasasishwa. Usipokuwepo, mstari unaongezwa mwisho. Mstari usio na tarehe inayosomeka haunakiliwi. Unaandikwa kwenye laha ya Kasoro pamoja na jina la kituo na namba ya mstari, ili mtu auone asubuhi. Tarehe ikijirudia katika kituo kimoja, mistari yote miwili inakwenda Kasoro. Skripti haichagui. Dada alipokuwa akisahihisha tarehe ya kituo cha 9 alikuwa na sababu: alikuwa amezungumza na msomaji. Skripti haijazungumza na mtu.

Safu nazo zinatafutwa kwa kichwa chake, sio kwa herufi yake. Msomaji akiongeza safu kati ya C na D, skripti itaendelea kuiona "Milimita" ilipo. Kichwa kikikosekana, kituo hicho kinarukwa chote na kuripotiwa.

Hii imechukua siku mbili na nusu, sehemu kubwa kuliko zote za mradi. Nafikiri ilistahili kuwa ya kwanza.

Siku ya 15

Nimeweka kianzishi cha usiku, yaani mpangilio unaoiamsha skripti kila usiku bila mtu. Inafaa kujua kwamba ukichagua saa fulani, Google hukimbiza skripti wakati wowote ndani ya saa hiyo, si kwa dakika kamili. Kwetu haidhuru.

Usiku wa kwanza mwenzangu naye aliikimbiza kwa mkono wakati ule ule, na mikimbio miwili ikasoma Mkusanyo kabla yeyote haujaandika. Mistari ikaongezwa mara mbili, kwa kuwa kila mmoja ulijua kwamba ufunguo haupo. Nimeweka kufuli la LockService: mkimbio wa pili unasubiri, na wa kwanza usipomaliza kwa muda uliowekwa unaacha na kuandika kwenye kumbukumbu kwamba umeacha.

Jambo dogo la pembeni. Mkusanyo ulikuwa na skripti ya zamani ya onEdit iliyokuwa ikipaka rangi siku za mvua kubwa. Imenyamaza tangu tuanze. onEdit huamshwa na mtu anapohariri, haiamshwi na skripti nyingine inapoandika. Rangi nimeihamishia kwenye uumbizaji wa masharti, kanuni za rangi za lahajedwali lenyewe, ambao hauulizi nani kaandika.

Siku ya 19

Nimepigiwa simu asubuhi kabla sijafungua mashine. Ni yule dada. "Kaka, kituo cha 7 hakikuwa na sifuri hizi."

Wiki iliyopita niliijaza upya miezi mitatu iliyopita kwa skripti mpya, ili data zote ziwe zimepita njia moja. Nililinganisha jumla za milimita kwa kila kituo kabla na baada. Zilikuwa sawa kila kituo, nikaona kazi imekwisha. Jumla haiwezi kuona kosa hili, kwa sababu sifuri haiongezi kitu.

Baadhi ya wasomaji huandika "12,5" kwa mkato, wengine "12.5 mm". Nilitunga kipande kidogo cha kusafisha: ondoa herufi, badilisha mkato uwe nukta, kisha geuza kuwa namba kwa Number. Seli tupu inasomwa na getValues kama matini tupu. Na katika JavaScript, Number ya matini tupu ni 0. Hairudishi hitilafu, hairudishi "si namba". Inarudisha sifuri.

Kwa hiyo kila siku ambayo msomaji hakupima, Mkusanyo ukasema hakukuwa na mvua.

Nimempigia mzee wa kituo cha 7, mtu anayepima mvua tangu kabla yetu sote kufika hapa. Nilimweleza nilichofanya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nikiandika sifuri maana yake nimekwenda, nimefungua kipimo, nimetazama, kikavu. Nikiacha wazi maana yake sikwenda. Nilikuwa naumwa. Sasa wewe umeniandikia nilikwenda."

Nimekaa na maneno hayo asubuhi nzima. Sifuri yake ni ushahidi: mtu alisimama pale akatazama. Seli iliyo wazi nayo ni ushahidi, kwamba hakuna aliyetazama. Nilikuwa nimezigeuza zote kuwa kitu kimoja, na nikaweka jina lake juu yake.

Athari kwa hesabu ni kubwa. Chukua siku 10 ambazo ni 3 tu zilizopimwa: milimita 12, 0 na 30. AVERAGE huruka seli tupu, kwa hiyo wastani ni 14. Zijaze zile 7 kwa sifuri, wastani unashuka hadi 4.2. Jumla ni 42 pande zote mbili. Mtu anayeamua kama kuna ukame kwa kuangalia wastani wetu angeona ukame pale ambapo kilichokosekana ni msomaji mwenye afya. Na siku asiyopima mara nyingi mvua haipotei: hubaki kwenye kipimo na kusomwa pamoja na ya kesho, ndiyo maana baada ya siku tupu huwa kuna namba kubwa. Kwa sifuri zangu, ilionekana kama siku kavu iliyofuatwa na mvua ya ghafla.

Nimesimamisha kianzishi. Nimetoa tangazo kwa watumiaji wa Mkusanyo kwamba milimita za miezi hiyo mitatu zisitumike hadi nitakapowaambia.

Siku ya 20

Nimerudisha Mkusanyo kwenye hali yake ya kabla ya kujaza upya, kupitia historia ya matoleo. Chanzo hakikuguswa, skripti haijawahi kuandika kwenye laha za vituo, wala haina ruhusa ya kuandika huko kuanzia leo.

Kanuni mpya za safu ya milimita, nimeziandika juu kabisa ya skripti kwa Kiswahili ili anayekuja baada yangu azione kabla ya kitu kingine:

Seli tupu inabaki tupu. Nafasi tupu zilizochapwa kwa bahati mbaya zinahesabika kuwa tupu. Sifuri inabaki sifuri. T, alama ya mvua iliyoonekana lakini haipimiki, inabaki T. Namba yenye mkato au yenye "mm" inasafishwa, na namba ya awali inahifadhiwa kama ilivyoandikwa kwenye safu ya pembeni. Kitu kingine chochote kinakwenda Kasoro, seli ya Mkusanyo inaachwa tupu, na mtu anaarifiwa.

Nimeongeza safu ya "Hali" yenye maneno matatu tu: imepimwa, haikupimwa, yenye shaka. Inajazwa na skripti kutokana na kanuni hizo. Sasa utupu una jina lake, na mtu akichuja hawezi kuuchanganya na ukavu.

Nilipomsomea dada kanuni hizi alinirekebisha moja. Kituo cha 3 huandika kistari badala ya kuacha wazi. Yeye alikuwa akikifuta kila jioni. Nimekiweka.

Siku ya 24

Siku nne za kuandika ukaguzi, wala sijutii hata moja.

Mkimbio sasa hauandiki moja kwa moja kwenye Mkusanyo. Unaandika kwenye laha ya muda, kisha unahesabu. Kwa kila kituo: mistari mingapi ilisomwa, mingapi iliandikwa, mingapi ilikwenda Kasoro. Idadi ya kwanza lazima iwe sawa na jumla ya hizo mbili. Seli tupu ngapi za milimita kwenye chanzo, ngapi upande wa pili. Sifuri ngapi, na ngapi. T ngapi, na ngapi. Jumla ya milimita, pande zote mbili. Kikipishana kimoja, laha ya muda inabaki ilivyo, Mkusanyo hauguswi, na barua pepe inatumwa ikitaja kituo na namba zilizopishana.

Hesabu ya mistari pekee inaonekana kama jambo dogo mno. Mwaka 2020, nchini Uingereza, visa 15,841 vya COVID-19 vya kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba havikuingia kwenye ripoti za Public Health England, taasisi ya afya ya umma ya huko wakati ule, kwa wakati. Matokeo ya maabara yalikuwa yakivutwa kwenye mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani, ambayo laha yake huishia mstari wa 65,536, ilhali ya mtindo wa sasa hufika 1,048,576. Faili lilipojaa, mistari iliyozidi iliachwa nje, na watu waliokuwa karibu na wagonjwa hao hawakufuatiliwa mapema. Mistari iliyotoka, mistari iliyofika: zingelinganishwa hizo mbili, tofauti ingeonekana siku ile ile.

Nimejaribu ukaguzi kwa kuharibu makusudi. Nakala ya Vituo, nikafuta kichwa cha safu kituo cha 2, nikaingiza mstari kituo cha 5, nikarudia tarehe kituo cha 9, nikabadilisha saa za eneo, nikaandika "mvua nyingi" mahali pa milimita. Yote yalikamatwa isipokuwa moja: nilipobadilishana vituo viwili majina ya laha, skripti ilinakili bila shaka yoyote, kwa kuwa ufunguo ulitumia msimbo ulioandikwa ndani ya mistari, ambao ulikuwa sahihi. Nimekaa nikilifikiri. Nimeamua kwamba skripti ndiyo iliyokuwa sahihi. Jina la laha ni la kututafutia njia, msimbo ulio kwenye mstari ndio data. Hata hivyo vikipishana sasa inaripoti.

Siku ya 27

Kianzishi kimerudi kazini tangu juzi. Miezi mitatu imejazwa upya kwa kanuni mpya. Nimewaandikia watumiaji kwamba wanaweza kuitumia, nikawaeleza pia kilichokuwa kimeharibika na kwa siku zipi.

Yaliyobaki ni machache. Safu ya maelezo bado inanakiliwa kama matini, nayo imebeba mambo ambayo yangefaa kuwa na safu yake, kama kipimo kuhamishwa au kumwagika. Dada amekubali tukae naye wiki ijayo tupitie maelezo ya mwaka mzima. Ile saa yake ya jioni sasa anaitumia kupiga simu vituo ambavyo laha ya Kasoro imevitaja.

Kumbukumbu ya usiku wa jana kwa kituo cha 7, nimeinakili hapa kwa mkono:

Mistari iliyosomwa 31. Iliyoandikwa 31. Kasoro 0. Yenye mvua 8, sifuri 19, haikupimwa 4.

Nimempigia mzee nikamsomea. Akahesabu siku zake nne kwa sauti, akazitaja tarehe zake, na zote zililingana.